Mapambo ya mataifa Kampala: kabla ya bei, uliza nani kakitengeneza

Mleta mada anahamia Kampala kutoka Dodoma, kapata nyumba Naguru, na kauliza mambo matatu: kama maduka ya kifahari ya mapambo kule Kololo na Bugolobi yanastahili bei zake, atachanganya vipi vitu vya Moroko, India, Kongo na Uganda bila sebule kuonekana kibanda cha kuuzia watalii, na kama kule ndani bei hupungua. Wengi mmemjibu aende sokoni, kwamba madukani humo analipia kiyoyozi tu. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Buganda, nyumba yangu nimeipamba kwa mchanganyiko huohuo, na naona jibu hilo linamnyima dada yetu vitu vizuri.

Dada, yale maduka yanastahili bei kwa baadhi ya vitu, siyo vyote. Kinachokuonyesha tofauti ni kama muuzaji anajua kitu kilitoka mikononi mwa nani. Shika kikapu, uliza kimesukwa wapi na akina nani. Duka linalojali litakuambia ni kina mama wa upande wa milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kwamba kiini cha kila mzunguko ni nyuzi za mgomba na juu yake umezungushiwa rafia, yaani nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mitende, litakutajia hata kikundi. Duka jingine utajibiwa "imetoka nje, madam", na ukiuliza nje wapi, muuzaji anageuza kile kikapu kutafuta kibandiko. Hapo usinunue, hata kama kinapendeza.

Tuanze na makochi na meza kubwa, maana ndivyo vinavyomaliza pesa. Kiti cha mbao kutoka Asia kinashukia Mombasa, kinapanda lori hadi Malaba, ndipo kinafika Kampala. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza samani za kutoka nje ya jumuiya ushuru wa asilimia 35, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Uganda ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya jumla hiyo. Kiti chenye thamani ya shilingi 1,000,000 forodhani kinakuwa 1,593,000 kabla hujaweka tozo nyingine, pango la duka na faida ya mwenyewe. Kwa hiyo bei kubwa siyo lazima iwe tamaa ya mwenye duka. Lakini wewe huna sababu ya kubeba mzigo huo wakati mafundi wa Nsambya na Bwaise wanatengeneza kiti imara cha mvule kwa vipimo vyako. Wapelekee picha, na kabla ya kuweka malipo ya awali uliza mbao imekaushwa muda gani. Mbao mbichi itapinda na kupasuka maungioni hata kama fundi ana mkono wa dhahabu.

Pesa ya duka la kifahari iweke kwenye vitu vidogo vya mbali ambavyo huwezi kuvipata kwingine, na kwenye kazi za Uganda zilizomaliziwa vizuri kuliko za kando ya barabara. Na humo pia kagua, kwa sababu bei kubwa haizuii bandia. Mimi mwenyewe nimeonyeshwa, katika duka moja zuri sana, foronya zilizoitwa za Kikuba, na zilikuwa pamba iliyochapwa kiwandani. Kitambaa halisi cha Wakuba wa Kasai, Kongo, ni rafia. Wanaume hufuma, wanawake hudarizi juu yake, nyuzi zinakatwa fupi hadi uso unakuwa laini kama mahameli. Pitisha kiganja. Ukihisi bapa tupu, ni picha ya kitambaa tu. Halafu angalia michoro: kwenye kazi ya mkono mstari huanza hivi, katikati mdarizi akabadili mawazo, ukaenda kwingine. Mashine haibadili mawazo.

Busati la Kituruki la kufumwa bapa, lile wanaloita kilim, ligeuze. Mchoro uonekane sawa pande zote mbili, na matamvua yawe ni nyuzi zilezile za ndani ya busati zilizotokeza mwishoni. Matamvua yaliyoshonewa au kugundishwa yanasema ni ya mashine. Vitambaa vya India vya kupigwa mihuri ya mbao, vile vya Rajasthan, tafuta mahali muhuri mmoja ulipokutana na mwingine. Daima kuna kupishana kidogo, na rangi imepenya hadi upande wa pili. Pembe za ng'ombe wa Ankole ziinue kwenye mwanga: pembe ya kweli hupitisha nuru sehemu zilizo nyembamba, na hakuna mbili zenye madoa sawa. Ukikuta bakuli sita zinafanana doa kwa doa, hiyo ni plastiki. Na ukiambiwa kitu ni pembe ya ndovu, kirudishe mezani uondoke. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika ilipigwa marufuku mwaka 1989, na tembo wetu wanatosha kuteseka.

Sasa lubugo, na hapa naomba mnivumilie, maana ndicho kitu nikipendacho kuliko vyote nchini humu. Ni nguo inayotokana na gome la mti wa mutuba. Gome linavuliwa msimu wa mvua, shina linafunikwa majani ya mgomba ili lisikauke, na mti huota gome jipya. Lile lililovuliwa linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, zikianza zenye mifereji mipana hadi zenye mifereji midogo kabisa, ndani ya kibanda kilicho wazi pembeni ili lisikauke haraka. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Kazi hii ni ya ukoo wa Ngonge (fisi maji) wa Buganda, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa kazi bora ya urithi wa wanadamu. Ukitaka kujua zuri, liweke dirishani. Utaona nyuzi zinapishana huku na kule bila mpangilio wa kufuma, na mistari myembamba ya nyundo ikipita juu yake. Tundu dogo lililozibwa kwa mkono siyo kasoro, ndivyo lilivyo. Lililonyooka rangi moja pembe hadi pembe ndilo la kutilia shaka.

Kitu ambacho wenye maduka hawakuambii: Waganda huviringisha maiti kwa lubugo kabla ya kuzika. Mto wa lubugo kwenye kochi, mgeni kijana atausifu, lakini mzee anaweza kukaa mbali nao kwa wasiwasi. Kabla sijatundika langu nilimpelekea mama mkwe. Alilishika, akapitisha kidole kwenye mistari taratibu, akasema aliyelipiga hakuwa na haraka. Kisha akaniambia, "Ukutani sawa, mwanangu. Kitandani usiliweke." Basi langu liko ukutani sebuleni, ndani ya fremu, mbali na maji, na mzee yeyote akiingia analiangalia kwa furaha. Dada, ukinunua kitu cha watu, ulizia kwa wenyewe kinakaa wapi. Kwa majirani zako wa Naguru hutakosa wa kumwuliza.

Kuhusu kuchanganya, mimi nafuata wazee wa pwani. Nyumba za zamani za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na humo walipanga sahani za China. Mazulia yalitoka Uajemi, masanduku India, na hakuna aliyesema nyumba ile si ya Mswahili. Walifanikiwa kwa sababu vitu vya mbali vilikusanywa mahali pamoja, kuta nyingine zikaachwa nyeupe. Hata Buganda si wageni wa jambo hili, gomesi, lile gauni refu wanalovaa kina mama kwa heshima kubwa, linabeba jina la fundi cherehani mwenye asili ya Goa, India.

Kwa hiyo usitawanye. Chagua ukuta mmoja au rafu moja, bakuli za Moroko zikae na vikapu na pembe, na pengine pote pumzisha macho. Chagua pia rangi moja ijirudie kila chumba. Mimi nimeshika ile ya udongo ya lubugo, nayo imekubaliana na nyekundu ya busati, na kahawia ya rafia ya Wakuba, na hata na bluu ya nili ya India. Kitu kikubwa cha kigeni kiwe kimoja kwa chumba. Ukiweka viwili vitagombana, na utachoka bila kujua kinachokuchosha. Chini tandika mkeka wa ukindu, halafu busati juu yake. Mkeka unapatanisha kila kitu, na bei yake ni ndogo. Ngoma za Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, zinapendeza pembeni ya kochi, ila naomba usiweke vikombe juu ya ngozi.

Bei sasa. Ndani ya maduka ya kifahari kibandiko hakibishaniwi sana, lakini ukichukua vitu kadhaa omba punguzo kwa jumla, au waombe wakufikishie nyumbani bure. Ulizia pia kilichokaa muda mrefu kwenye maonyesho. Kijiji cha sanaa nyuma ya National Theatre na kile cha Buganda Road ni mahali pa kuelewana bei. Salimia kwanza, mwulize mwenye kibanda habari za nyumbani, ndipo mzungumze pesa. Ukiingia na "bei ya mwisho ngapi" utapewa bei ya mgeni. Lakini ukimkuta msukaji mwenyewe amekaa na kikapu mapajani, usimkandamize. Hesabu mizunguko ya kikapu chake kwanza.

Kokote utakakonunua kitu cha thamani, omba risiti iandikwe jina la kitu, mahali kilipotengenezwa na malighafi iliyotumika. Mwenye kitu halisi huandika palepale. Asiyetaka kuandika, mrudishie kitu chake hata kama umeshakipenda.