Diski mpya ikikataa kusoma, usikimbilie kuitengeneza

Diski ilikuwa na siku nne tu tangu itoke kwenye boksi. Niliiagiza Mombasa, ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti hadi hapa Amu, kisiwani Lamu. Nikahamishia humo harusi tatu na zefe ya Maulidi. Siku ya kumkabidhi mama wa bibi harusi video yake, picha ikaganda katikati ya kirumbizi, ile ngoma ya fimbo. Nikajaribu kunakili faili, kompyuta ikasema haisomeki.

Wengi hapo hukimbilia chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kutengeneza diski. Nakuomba usianze nayo. Inaipitisha diski dhaifu kote na kubadilisha mpangilio wa faili kabla hujaokoa chochote. Okoa kwanza. Mimi nilitumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye Linux: huchukua sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudia zile ngumu. Ukiipa faili la kumbukumbu, hata umeme ukikatika huendelea pale ilipoishia. Nilipata kila kitu isipokuwa sekunde chache za kirumbizi.

Ndipo nikafungua programu ya CrystalDiskInfo kusoma taarifa za SMART, yaani rekodi ambayo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Tazama safu ya thamani ghafi, na kumbuka kwamba huko namba huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita: 18 maana yake 24. Kwenye orodha, namba 5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. Ya 197 (huko huandikwa C5) ni zile ambazo diski ilishindwa kuzisoma na bado haijaamua la kuzifanya. Ya 199 (C7) ni makosa ya njiani, kati ya diski na kompyuta. Hiyo ikipanda, shuku waya kabla ya kushuku diski. Huku kwetu chumvi ya baharini hula vichwa vya waya upesi, kwa hiyo nilibadilisha waya na tundu la USB hata hivyo. 199 ilibaki sifuri. 197 ilitoka 8, ikawa 24, kesho yake 56.

Fundi mmoja akanishauri niifomati tu, itatulia. Ni kweli kwamba ukiandika upya juu ya sekta hizo, 197 inaweza kurudi sifuri. Lakini diski ya siku nne ambayo sekta mbovu zinaongezeka kila siku si ya kufichiwa ugonjwa. Nilipiga picha za namba hizo na kuirudisha ikiwa ndani ya waranti.

Iliyokuja badala yake niliangalia kwanza namba 9, saa ilizokwisha kufanya kazi, nijue si kuukuu iliyofungwa upya. Kisha nikaamuru smartctl -t long, jaribio refu ambalo diski hujikagua yote, na kuzuia laptopu isilale. Kadi za kamera sikuzifuta. Jaribio lilianza baada ya isha. Nilipoamka alfajiri lilikuwa limekwisha bila kosa, 5 na 197 zote sifuri, na hapo ndipo nikaanza kuhamisha harusi.