Fremu ya alumini au stenlesi? Angalia kona kabla ya mng'ao

Kila zinapotoka simu mpya, ujumbe wa wasomaji ni uleule. Safari hii msomaji yuko njia panda kati ya simu mbili zilizotumika, moja ina fremu ya alumini, nyingine ya stenlesi, naye anataka kujua ipi imara. Swali ni la haki, ila halijakamilika. Imara kwa lipi? Kukwaruzika ni jambo moja, kubonyea ni jingine, kupinda ni jingine, kupoza joto ni jingine kabisa, na hakuna metali inayoshinda kote. Anayekujibu "chukua stenlesi, hicho ni chuma" amejibu robo ya swali, na mara nyingi ndiye huyohuyo anayekuuzia.

Tuanze na uzito, maana mkono unaubeba kutwa. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7 hivi, ya stenlesi aina ya 316 ina gramu 8. Fremu ya alumini yenye gramu 10, ukiichonga vilevile kwa stenlesi, itafika karibu gramu 30. Tazama mwaka 2022: iPhone 14 yenye fremu ya alumini ina gramu 172, na 14 Pro yenye stenlesi ina gramu 206. Si fremu peke yake iliyoleta tofauti hiyo, kamera nazo zimo, lakini sakafu haiulizi uzito umetoka wapi. Simu hizo mbili zikianguka kutoka kimo kimoja, ya pili inatua na nishati zaidi kwa karibu asilimia 20, na lazima nishati hiyo imalizikie mahali fulani.

Kwenye kupinda, watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni ukakamavu, yaani metali inavyokataa kunyumbuka ukiisukuma. Kwa gigapaskali, kipimo cha ukakamavu huo, stenlesi iko karibu 193 na alumini karibu 70, kwa hiyo fremu mbili za umbo moja zikisukumwa sawasawa, ya stenlesi hunyumbuka kama theluthi tu ya mwenzake. La pili ni kile kiwango ambacho ukikivuka, metali hairudi tena ilikokuwa. Hapo alumini inashangaza wengi. Aloi, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, ya aina ya 6061 iliyoimarishwa kwa joto huvumilia megapaskali 276 hivi, na 7075 hukaribia 500, wakati stenlesi ya 316L ikiwa bado laini husalimu amri kwenye 200 hivi. Stenlesi hupata nguvu zake inapofinyangwa ikiwa baridi kiwandani.

Ndiyo maana baada ya iPhone 6 Plus ya mwaka 2014 kulalamikiwa kwamba inapinda mifukoni, 6s ya mwaka 2015 ilikuja na aloi ya mfululizo wa 7000, ukoo wa hiyo 7075. Aloi hiyo haikuongeza ukakamavu, kwani alumini zote zinacheza karibu na 70 hiyohiyo. Ilichoongeza ni umbali wa kunyumbuka na kurudi bila kubaki na kovu. Na iwe metali gani, simu huanza kupinda penye matundu: kwenye vitufe vya sauti, kwenye trei ya laini, na kwenye vile vipande vya plastiki vinavyoikata fremu. Weka simu kifudifudi juu ya kioo bapa, bila kava, uinamishe jicho usawa wa meza. Mwanga ukipita katikati au simu ikibembea, imepinda. Lakini usikimbilie kuilaumu fremu. Kama skrini imeinuka ubavuni au mgongo umetuna, mkosaji anaweza kuwa betri iliyovimba, na simu ya namna hiyo hainyooshwi wala kubanwa hata kidogo kabla betri haijatoka.

Sasa kona. Hapa ndipo alumini inapogharimu watu skrini ya pili na ya tatu bila wao kujua sababu.

Simu ikiangukia kona, alumini hubonyea. Kubonyea huko si kubaya moja kwa moja, maana metali inayojikunja imemeza sehemu ya pigo. Stenlesi haikunjiki sana hivyo, na kinachobaki cha pigo hupelekwa kwenye kioo. Tatizo la alumini huanza baadaye. Ukingo uliobonyea huingia ndani kwa sehemu ndogo ya milimita, mara nyingi mbili au tatu za kumi, na hapo hutokeza ncha inayogusa kioo mahali pamoja. Kioo hakiogopi shinikizo lililoenea, kinaogopa ncha. Fundi akipachika skrini mpya juu ya kona hiyo, ataibonyeza iingie, itaingia, itawaka vizuri, mteja ataondoka anatabasamu. Siku chache baadaye ufa unaanzia kwenye kona ileile, na mteja anaapa kwamba simu haijaanguka. Anasema kweli.

Dawa yake ni kuijaribisha skrini ikiwa kavu. Kabla hujabandua karatasi ya gundi, iketishe kwenye fremu na upitishe ukucha kuzunguka pande zote nne. Panapokuwa na kizingiti, au upande mmoja ukikaa juu kuliko mwingine, usibonyeze. Chomoa kwanza plagi ya betri kwenye bodi, na kama unaweza, toa bodi na betri, vyote viwili. Ziba matundu ya spika, maikrofoni na chaji kwa utepe. Kisha chukua tupa ndogo bapa yenye meno laini, usugue ukingo wa ndani kwa kusukuma kuelekea nje tu, mikono isiwe na nguvu. Ondoa kidogo, jaribisha skrini, ondoa tena. Ukimaliza skrini inatakiwa ikae kwa uzito wake wenyewe.

Vumbi la alumini hupitisha umeme na halivutwi na sumaku, kwa hiyo usitegemee sumaku kulikusanya, na usilipulize kwa mdomo likaingia chini ya bodi. Ligonge kwa utepe wenye gundi mpaka utepe utoke msafi, halafu pitisha brashi yenye spiriti ya isopropili. Ukilegeza hapa utakuja kutafuta shoti ya ajabu ambayo haipo kwenye mchoro wowote.

Kama kona imeingia sana, tupa haitoshi, itabidi kusukuma metali irudi. Fremu iwe tupu kabisa. Weka kipande cha mbao ngumu kwa ndani, kingine kwa nje, kaza klampu pole pole, pumzika, pima, kaza tena. Aloi za mfululizo wa 7000 ni ngumu lakini hazipendi kukunjwa na kukunjuliwa: ukirudia mara kadhaa pale pale, inachanika. Ukiona uso umeanza kuwa na vijistari vya nyufa, acha, tafuta fremu nyingine. Na kona ikishanyooshwa au kupigwa tupa, usimwambie mtu simu bado inazuia maji. Gundi mpya inaweza kushika vizuri sana, ila ukingo si ule wa kiwandani.

Kwa stenlesi kazi hii ni nadra, na ikitokea inachosha. Tupa ya kawaida huteleza. Stenlesi ina tabia ya kujigumisha inaposuguliwa bila kukatwa, kwa hiyo tupa butu inaufanya uso uwe mgumu zaidi ya ulivyoanza. Tumia tupa ya almasi, mkandamizo thabiti, mwendo wa taratibu. Vumbi lake nalo lina kisa chake: 316 kwa kawaida haivutwi na sumaku, lakini chembe zilizokwanguliwa huweza kuvutwa kidogo, na sumaku ya spika iko hapohapo ikizisubiri.

Mikwaruzo inahitaji maelezo tofauti, kwa sababu unachokikwaruza si metali yenyewe. Alumini ya simu hutumbukizwa kwenye tindikali na kupitishiwa umeme mpaka uso wake ugeuke oksidi, kisha vinyweleo vya oksidi hiyo hunyweshwa rangi na kuzibwa. Ganda hilo ni gumu kuliko alumini iliyo chini yake, lakini unene wake ni wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache au makumi machache. Tena huota wima kutoka kwenye uso, kwa hiyo kwenye ukingo mkali pande mbili huota zikiachana na kuacha udhaifu katikati. Ndiyo sababu rangi huanza kung'oka kwenye mdomo wa tundu la chaji na kingo za kamera, huku ubavu ukiwa safi. iPhone 5 nyeusi ya mwaka 2012 ilisemwa kwa hilo, na iPhone 17 Pro ya mwaka 2025 ikasemwa kwa hilohilo kwenye kingo za kamera. Unaponunua simu ya alumini yenye rangi nzito, penda kingo zilizoviringwa. Alumini ya rangi ya fedha huficha makosa, kwa kuwa chini ya ganda rangi ni ileile.

Ganda likiondoka halirudi nyumbani kwako. Dawa ya meno, msasa na vitambaa vya kung'arishia vinaondoa rangi iliyobaki, basi. Jiki, magadi na sabuni kali za tanuri huila oksidi. Tindikali kali nazo vilevile. Kitambaa laini chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 70 kinatosha.

Stenlesi yenye rangi yake ya asili ndiyo pekee inayokupa nafasi ya pili. Mikwaruzo midogo hutoka kwa kitambaa cha kung'arishia metali, ukiziba kwanza skrini, matundu na vipande vya plastiki kwa utepe, ukisugua kwa kufuata urefu wa ubavu na si kwa mizunguko. Ila stenlesi nyeusi, ya dhahabu au ya bluu imefunikwa utando mwembamba wa mvuke wa metali uliotuliwa ndani ya chumba kisicho na hewa. Utando huo ni mgumu kweli, lakini ukishasuguliwa ukapasuka, rangi ya fedha iliyo chini inachungulia, na kuendelea kung'arisha ni kuipanua aibu. Watu wengi wanaosema "stenlesi haichakai" hawajawahi kuiona ya dhahabu iliyokaa miaka mitatu mfuko mmoja na funguo.

Joto. Hapa sina subira na ubishi, kwa sababu tofauti si ndogo. Alumini ya 6061 husafirisha joto kwa kiwango cha wati 167 hivi kwa mita kwa kila digrii, 7075 kama 130, stenlesi ya 316 kama 16, na titani ya daraja la 5 kama 7. Ukicheza mchezo mzito au kurekodi video ndefu, fremu ya alumini hutawanya joto la chipu mpaka pembeni, mkono wako unalihisi, na chipu inaendelea kukimbia. Kwa stenlesi joto hukaa karibu na lilikozaliwa, na simu hupunguza kasi mapema isipokuwa imewekewa njia nyingine ya kulisambaza. iPhone za Pro zilitumia stenlesi hadi mwaka 2022, titani mwaka 2023 na 2024, kisha 17 Pro ikarudi kwenye alumini pamoja na chemba ya mvuke, kibapa chenye kimiminika kidogo ndani kinachosambaza joto. Apple hawakurudi huko kwa kutafuta mng'ao. Kava nene, lakini, linafuta sehemu kubwa ya faida hii. Ukiwa unacheza, livue.

Kwa anayefungua simu, tabia hiyo hugeuka. Alumini huchukua joto la sahani ya kupashia na kulipeleka upesi hadi kwenye betri, kwa hiyo pasha ukingo mmoja, kata gundi, hamia mwingine.

Mtandao haukusaidii kuchagua. Metali zote mbili huzuia mawimbi ya redio, na ndiyo maana fremu hukatwa kwa vistari vya plastiki. iPhone 4 ya mwaka 2010 ilipoteza mawimbi mkono ulipoziba mwanya wa ukanda wake wa stenlesi. Ingekuwa alumini, kisa kingekuwa kilekile. Vistari hivyo vina faida nyingine kwako: simu isiyo navyo kabisa, yenye ubavu unaong'aa kama chuma, karibu kila mara ni plastiki iliyopakwa rangi. Sumaku haitakusaidia kutofautisha alumini na 316, zote mbili hazishiki.

Kwa simu mbili za msomaji wetu, basi. Vua kava zote mbili, pitisha ukucha kwenye kona nane. Ikiwa ya alumini haina kona iliyoingia ndani na inakaa bapa juu ya kioo, ichukue, hata kama rangi imeng'oka kwenye tundu la chaji. Ikiwa hata kona moja imeingia karibu na skrini, chukua ya stenlesi, alimradi si ile ya rangi iliyokwisha kusuguliwa na mtu, na mwambie muuzaji aiwashe kamera ya video kwa dakika 10 mbele yako, kava likiwa limevuliwa, uone inavyolibeba joto kabla hujalipa.