Mnataka kuifupisha riwaya iwe filamu ya dakika 13? Itazameni Frankenstein ya 1910

Msomaji ameniandikia kwamba kikundi chao kinataka kuigiza riwaya nzima kwa simu, filamu fupi na bubu, ila mswada unazidi kurefuka na mwisho hauonekani. Ndugu yangu, acheni kuandika kwanza. Tazameni Frankenstein ya kampuni ya Edison, iliyotoka Machi 1910. Tafuteni nakala iliyosafishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Kuitazama ni bure.

Mwongozaji J. Searle Dawley alikuwa na mkanda mmoja tu, futi 975 hivi. Riwaya ya Mary Shelley ya 1818 ina nahodha aliyekwama kwenye barafu, kesi ya Justine, kiumbe anayejifunza lugha kwa kuichungulia familia maskini. Dawley aliyatupa yote hayo. Akabaki na kijana Frankenstein, mchumba wake, kiumbe na jambo moja: uovu wa kiumbe umetoka moyoni mwa aliyemuumba. Nanyi andikeni sentensi moja ya namna hiyo, kisha futeni kila onyesho lisiloibeba, hata lile mnalolipenda kupita yote.

Onyesho la kuumbwa kiumbe lina ufundi ambao hata leo unawezekana. Walichoma sanamu, kisha picha wakaionyesha kinyumenyume, na nyama ikaonekana inapanda mifupani. Tengenezeni kiunzi cha waya, kivikeni karatasi iliyolowa gundi, kaushieni juani mpaka ndani, mpake nta juu. Karatasi mbichi hutoa moshi mwingi na kuficha kila kitu. Simu iwe kwenye stendi, isiguswe. Chomeni nje, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Na mwigizaji asiingie kwenye picha hiyo, maana mkiigeuza kinyumenyume naye atarudi nyuma. Ndiyo sababu Frankenstein anachungulia kupitia tundu la mlango: yeye ana picha zake, moto una zake.

Onyesho la mwisho, la kioo, ni gumu zaidi, na kwangu ndilo kilele. Kiumbe anatoweka, taswira yake inabaki kiooni. Frankenstein anakuja, anaiona, kisha taratibu inageuka yake mwenyewe. Wekeni alama za chaki zinaposimama nyayo, pigeni picha mara mbili bila kusogeza simu, kisha yeyusheni moja ndani ya nyingine kwa sekunde tatu. Simu ikijitokeza kiooni, inamisheni kioo kidogo kidogo mpaka ipotee. Fungeni mapazia, tumieni taa: wingu likipita, rangi za picha mbili hazitalingana na hila itajulikana.

Maandishi yawe machache. Dawley alitumia barua ya Frankenstein kwa mchumba wake kueleza yale ambayo maonyesho kadhaa yangehitajika kuyaeleza. Isomeni kila kadi ya maandishi kwa sauti mara mbili, polepole. Muda huo ndio ikae kwenye skrini.

Halafu kasi. Msiharakishe picha eti ifanane na za zamani. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu (picha moja moja) 16, kwa hiyo futi 975 ni fremu 15,600. Zikipita 20 kwa sekunde, ni dakika 13 na watu wanatembea kama watu. Zikipita 24, zinakwisha kabla ya dakika 11, na kila mtu anaonekana anakurupuka. Kukurupuka huko kumeletwa na mashine za baadaye za kuonyeshea filamu, si na waigizaji wa 1910.