Kicheko bila dhihaka

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasomea uigizaji Bagamoyo. Katika filamu ya In & Out (1997), mwalimu wa Indiana anatajwa kwenye televisheni na mwanafunzi wake wa zamani kuwa anapenda wanaume, harusi yake ikikaribia. Mbona tunacheka bila kumdhihaki?

JIBU: Marahaba. Tazama tukio la kanda ya mafunzo anayoisikiliza mwalimu huyo. Sauti inamfunza uanaume, inamkataza kucheza muziki. Kevin Kline, anayemwigiza mwalimu, anajizuia weee, mwili unamshinda. Kinachochekwa ni lile sharti, si yeye. Mkiliigiza jukwaani, sauti ya kanda iwe kavu, isiyo na mzaha hata chembe, na mwigizaji asianze kucheza mapema; akiwahi, utamu umekwisha. Kulegeza mikono na kubana sauti kunaharibu kabisa: hapo mnamcheka mtu. Bibi harusi, Joan Cusack, anachekesha kwa sababu hasira yake ni ya kweli.