Mpe mtoto kazi ndani ya gari

Watu wakinikuta nimejilaza chini ya gari Jumapili asubuhi huniuliza kama baba yangu alikuwa fundi. Hapana, mapenzi haya nimeyatoa kwa mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila likizo ya Desemba alitupakia watoto watatu kwenye Peugeot 504, ile Pijo yenye gia pembeni mwa usukani, tukashika njia kutoka Dar es Salaam kwenda kwa bibi Njombe. Kilomita kama 700.

Nimejiuliza sana alifanya nini hasa, kwa sababu wenzangu wengi nao walisafirishwa kwa gari utotoni na leo hata boneti hawajui inafunguliwaje. Jibu langu ni kwamba mama hakutubeba kama mizigo. Kila mmoja alikuwa na kazi. Kaka alishika dumu la maji na matambara, mdogo wetu alihesabu nyani pale Mikumi, mimi nikakabidhiwa daftari. Kila tulipojaza mafuta niliandika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, lita zilizoingia, na jina la mahali. Usiku tukifika kwa bibi tunapiga hesabu. Mara moja nikakuta gari limekula mafuta mengi mno kati ya Morogoro na Iringa, nikaogopa kwamba nimekosea kuandika. Mama hakunipa jibu. Aliniuliza tu, "Leo tumepanda wapi, mwanangu?" Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza injini kila tukianza kupanda mlima.

Kwa hiyo ukiwa na mtoto, nakusihi, usimpe simu. Mtoto akipewa simu Kibaha, atainua kichwa Makambako. Mpe daftari, au mwambie asome vibao vya mwendo kwa sauti. Mikumi barabara inakatiza hifadhini karibu kilomita 50, mwendo wa mwisho ni 70 mchana na 50 usiku, na macho ya mtoto huwaona twiga kabla yako.

Kituo nilichokipenda kuliko vyote ni Ruaha Mbuyuni, palipo na mibuyu mikubwa na vitunguu vilivyopangwa kwenye ndoo kando ya barabara. Joto la pale ni kali, na mbele yako kuna Kitonga, mlima mkali wenye kona nyingi. Mama aliegesha kivulini, akaweka nyuma ya kiganja juu ya boneti. Kama hawezi kukiacha hapo huku akihesabu mpaka ishirini, tulikaa tu. Kifuniko cha rejeta hakikuguswa mpaka injini ipoe, na hata hapo alikifunika kwa tambara na kukizungusha taratibu, uso ameugeuza pembeni. Nawaomba mnaosafiri kipindi cha joto mshike hili kuliko yote: maji ya rejeta yaliyochemka yanaruka kwa nguvu, na yanababua.

Kitonga yenyewe alinifundisha kwa maneno machache: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Nilipopata leseni nikaona ni mambo ya kizamani. Safari ya kwanza peke yangu nikirudi Dar nilishuka nikiwa nimekanyaga breki tangu juu, nyuma yangu lori. Katikati ya kona nikasikia harufu ya kuungua, na pedali ikaanza kuzama mguuni. Nilirudisha gia namba mbili, injini ikanguruma, gari likajishika lenyewe. Nilisimama chini kabisa, miguu inatetemeka, nikampigia simu mama. Hakunigombeza. Wenye gari la otomatiki, msidhani haliwahusu: rudisha mkono wa gia kwenye L au 2, yaani gia za chini, kabla ya kuanza kushuka, si wakati breki zimeshachoka.

Desemba iliyopita nilisafiri na binti yangu wa miaka minane, bibi yake amekaa kiti cha mbele. Siku mbili kabla ya kuondoka nilimpa kazi ya kukagua tairi. Nilimwonyesha ile alama ndogo ya mviringo ubavuni yenye tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Akazunguka gari zima akiandika kwenye daftari, kisha akaniambia nifungue buti, maana nilisahau tairi la akiba. Akainama na tochi, akasoma polepole: 1214. Akakaa kimya akipiga hesabu.

"Baba, hili lilikuwepo kabla sijazaliwa."

Kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa bado nyingi, na kwa macho ningesema ni zima kabisa. Lakini raba huchoka hata ikikaa tu, na nilipoibinya karibu na ukingo nikaona nyufa nyembamba kama nywele. Mchana huo huo tulienda kununua jingine, na yeye ndiye aliyesoma tarakimu dukani kabla sijatoa hela.