Kubomoa jengo la mwenzio kwenye gemu: mchezo au dhulma?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni kijana wa Wete, Pemba, namaliza skuli mwaka huu. Sisi vijana wa maskani hucheza Minecraft, gemu la kujenga kwa vipande kama matofali, kwenye seva (ulimwengu mmoja wa mtandaoni wanaouingia wachezaji wengi) ambayo wamo wenzetu wa Unguja, wa Dar es Salaam, wa Mombasa na wengine wa nje tusiowajua. Kuna baadhi yetu raha yao si kujenga. Wanasubiri mtu atoke kwenye gemu akalale, wanaingia kwake, wanakomba vilivyomo kwenye masanduku yake, nyumba wanaimwagia lava (uji wa moto wa volkano) au wanaitegea baruti, kisha wanamwachia kibao cha kumcheka. Ramadhani iliyopita walimfanyia hivyo mtoto wa ami yangu anayekaa Fuoni, ana miaka 11. Alikuwa anajenga msikiti wa minara miwili tangu Shaabani. Alilia mpaka akakataa kufuturu. Nilipowasema wakanijibu: "Hizo ni picha tu, hakuna aliyepigwa wala aliyeibiwa, na baruti gemu lenyewe ndilo lililotupa." La huyo mtoto sikuwemo, lakini huko nyuma nilishiriki kwa watu wengine. Je, jambo hili lina dhambi? Kama sheria za seva zinaruhusu? Na aliyefanyiwa akiwa si Muislamu, tena hatumjui? Nami nifanyeje kwa niliyokwisha kuyafanya?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Mwanangu, wenzako wameliangalia jengo wakaona ni picha, na hapo ndipo walipokosea. Sharia inamtazama pia mwenye jengo. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake akiitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kijidege akichezea. Imekuja katika riwaya kwamba kile kijidege kilikufa, na Mtume (s.a.w.) alipofika nyumbani kwao akamkuta mtoto kanyong'onyea. Akamwambia: "Ewe Abu Umayr, kimefanya nini kijidege?" Asili ya Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Kijidege kile sokoni hakina bei ya maana, na Mtume (s.a.w.) alikuwa na mambo ya umma mzima mabegani mwake. Bado aliona huzuni ya mtoto kwa ajili ya kitu cha kuchezea ni jambo la kuulizwa. Sasa mtu aliyeisababisha huzuni hiyo kwa makusudi, akakaa akaicheka, atajificha vipi nyuma ya neno "picha tu"?

Hadithi inayogusa zaidi suala lako ni ile aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Abdurrahman bin Abi Layla. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.). Mmoja wao akalala. Mwengine akaiendea kamba aliyokuwa nayo yule aliyelala, akaichukua, na yule akazinduka kwa kitisho. Mtume (s.a.w.) akasema: "Si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu." Tazama kilichomo humo: kamba tu, tena baina ya marafiki walio safari moja, na hakuna aliyejeruhiwa wala kamba haikupotea. Na aliyefanyiwa alikuwa usingizini, kama hao wanaosubiriwa walale. Pamoja na yote hayo halikupita likaitwa mzaha. Katika Hadithi nyengine, kwa Abu Daud na Tirmidhi, amesema kwamba asichukue mmoja wenu kitu cha nduguye, si kwa mchezo wala si kwa kweli, na aliyechukua hata fimbo ya nduguye amrudishie.

Kwa hiyo anayesema "tulikuwa tunacheza" hajatoa udhuru. Kalitaja lile lile lililokatazwa.

Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Ahzab, aya ya 58, yenye maana kwamba wale wanaowaudhi Waumini wanaume na Waumini wanawake bila ya kosa walilolifanya, hakika wamebeba uzushi na dhambi iliyo wazi. Aya haikuweka sharti kwamba maudhi yapite kwenye mkono au kwenye fimbo. Yanaweza kupita kwenye ulimi, kwenye kalamu, na leo yanapita kwenye kioo cha simu.

Ama hoja ya kwamba gemu ndilo lililowapa baruti, nimewauliza vijana wanaolijua gemu hilo wakanieleza namna baruti yake inavyopatikana. Kwa kawaida haiokotwi tu. Baruti moja inataka unga wa baruti mafungu matano na mchanga mafungu manne, na unga wenyewe aghalabu hupatikana kwa kuwaua viumbe wa kwenye gemu, hasa wale wanaoripuka. Na inafaa kwa kupasua mawe na kuchimba. Basi mwenye kukusanya mafungu hayo, akahesabu zinazotosha msikiti wa minara miwili, akasubiri mwenyewe alale, huyo hawezi kusema mkono umemteleza. Niya ipo tangu fungu la kwanza, na amali zinahesabiwa kwa niya.

Hapa lazima nitenganishe, kwa sababu wako wazazi watakaosoma wakadhani nimeharamisha kila ushindani. Sikusema hivyo. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wake naye akitazama. Kushindwa kunauma, na maumivu hayo si dhulma. Ngamia wa Mtume (s.a.w.) akiitwa al-Adhbaa alikuwa hashindwi, akaja bedui na ngamia wake mchanga akampita, Waislamu likawaelemea. Mtume (s.a.w.) akasema kwamba ni haki kwa Mwenyezi Mungu kutokinyanyua kitu chochote cha dunia ila atakishusha. Ameipokea Bukhari. Hakumwambia yule bedui kwamba kawaudhi watu.

Mnaokaa barazani mnalijua hili kwa bao. Aliyekaa kucheza anajua kete zake zitaliwa, na ukizila zote amefungwa, anacheka au ananuna, mchezo umekwisha. Lakini mtu akitia mkono akazimwaga chini kete zote 64, huyo hakumfunga mtu. Kaua mchezo wa watu wawili kwa raha ya mmoja. Hiyo ndiyo mizani ya kupimia mambo ya kwenye gemu: kumpiga risasi adui kwenye gemu la vita ni kumla kete, kumpiga makusudi wa kikosi chako ili timu yenu ishindwe ni kumwaga. Kumvizia mgeni aliyeanza leo, ukamuua kila anapoinuka mpaka azime simu, hakuna ushindi unaoutafuta hapo, maana hana cha kukupa. Unachokitaka ni adhabu yake.

Umeuliza kuhusu sheria za seva, na ni swali zuri. Mtume (s.a.w.) amesema, kwa Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Waislamu hushikamana na masharti yao. Ulipofungua akaunti yako ulibonyeza pahala palipoandikwa kuwa umekubali masharti. Wengi hawayasomi, lakini kukubali ni kukubali. Ikiwa seva inakataza kuvunja vya wenzio, basi anayevunja kajumuisha mawili, kuudhi na kuvunja ahadi.

Ziko seva za namna nyengine. Kwenye Minecraft hiyo hiyo iko moja inaitwa 2b2t, ipo tangu Disemba 2010, na inajulikana ulimwenguni kwa kutokuwa na sheria: kila anayeingia anajua kwamba alichokijenga kitavunjwa. Liko pia gemu la EVE Online, lililotolewa mwaka 2003 na kampuni ya Iceland, ambalo masharti yake yanaacha wachezaji waibiane na walaghaiane mali za ndani ya mchezo. Watu wazima wakiingia pahala kama hapo kwa kujua na kuridhia, siwezi kusema kwamba aliyevunjiwa kadhulumiwa. Mwenye haki akiridhia kwamba kitu chake kiguswe, kukigusa si kudhulumu. Hata hila zina nafasi yake kwenye mchezo wa vita, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe amesema vita ni hila.

Lakini ridhaa hiyo ina mpaka, na vijana wanauvuka bila ya kuuona. Aliyeridhia nyumba yake ibomolewe hakuridhia kutukanwa mama yake kwenye maiki, wala kukejeliwa rangi yake au dini yake, wala jina lake la kweli na mtaa wake kuanikwa. Hakuridhia kuliwa pesa yake ya kweli. Na ukimfanya mtu rafiki, mkaulizana hali za wazee wenu na kuombeana dua katika maradhi, muda wote huo ukiwa unasubiri siku akupe ufunguo wa ghala lake umkombe, basi aliyoyaandika mwenye gemu kuhusu mchezo hayafuti yaliyo baina yenu nje ya mchezo. Hiyo ni khiyana, na khiyana ni katika alama za mnafiki. Mimi binafsi, hata pale palipo na ridhaa kamili, simpendelei kijana wetu akeshe huko. Moyo unaozoea kuonea raha hasara ya mtu hauulizi kama ni kwenye gemu au ni sokoni Darajani.

Ama asiyekuwa Muislamu na usiyemjua, hukumu ni moja. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) Yemen alimwambia kwamba anakwenda kwa watu wa Kitabu, na katika usia ule ule akamwambia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hakuna pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Kwamba wewe humjui jina halisi wala nchi yake, hilo halikupunguzii kitu, maana Mwenye kumjua anakujua na wewe.

Sasa la kufanya. Toba ya haki za watu haikamiliki kwa istighfari peke yake. Bukhari amepokea kwamba mwenye dhulma kwa nduguye, iwe ya heshima yake au ya kitu chochote, ajihalalishie leo kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu.

Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana: vitu vya ndani ya gemu ni mali inayolipwa au si mali? Ninavyoona, kilichonunuliwa kwa pesa, hata kama ni kwa pesa ya simu na ni shilingi chache, kina thamani na kikiharibiwa kinalipwa. Kilichopatikana kwa kucheza tu, kirudishwe chenyewe kama kipo, na kama kimeungua basi mfano wake, kwa sababu kwenye gemu mfano unapatikana sawasawa na kilichopotea.

Kwa mtoto wa Fuoni, wenzako wasidhani yatakwisha kwa kumwambia "tusamehe" naye akajibu "haya". Msamaha wa ambaye hajabaleghe hauangushi haki yake ya mali. Wampigie simu baba yake, waseme walilolifanya, kisha waingie wamjengee upya, yeye akiwaelekeza anavyotaka. Na kama miongoni mwa waliobomoa yumo mdogo asiyebaleghe, yeye kalamu imeondolewa juu yake na haandikiwi dhambi, lakini walii wake ana wajibu wa kumkanya, na alichokiharibu hakianguki kwa sababu ya udogo wake.

Wewe na wale wa nje: anza na msimamizi wa seva. Seva nyingi zina programu inayoweka kumbukumbu ya nani kavunja nini na lini, na msimamizi anaweza kulirudisha jengo kama lilivyokuwa. Mweleze, umwombe afanye hivyo kwa ulioshiriki kuwavunjia. Waandikie wenyewe kwa majina wanayoyatumia, utake radhi. Aliyekuwa haonekani tena, muombee Mwenyezi Mungu kheri, na kama kulikuwa na pesa ndani yake, utoe sadaka kiasi hicho kwa niaba yake. Akirudi siku moja, muarifu. Akiikubali ile sadaka basi, na akitaka haki yake mpe, nayo sadaka itakuwa yako.

Marafiki zako uwanasihi kwa upole, mmoja mmoja, si mbele ya maskani nzima, maana mbele za watu mtu hutetea asichokiamini. Mtume (s.a.w.) amesema umnusuru nduguyo akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na kumnusuru dhalimu ni kumzuia. Wakikataa, usishiriki nao tena, usiwafungulie mlango wala usiwaambie nani kalala. Na wakiendelea kuwaonea watu, unaruhusiwa kumtajia msimamizi majina yao. Wako watakaokwambia huko ni kusengenya. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo tunavyosomeshwa huku kwetu, ametaja katika yanayoruhusu kumtaja mtu asipokuwepo kwamba dhulma yake ipelekwe kwa mwenye uwezo wa kuizuia. Msimamizi wa seva uwezo huo anao.

Wabillahi tawfiq.