Vituko 14, Kicheko Hakuna

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tabata kaniandikia: "Bro, nimeandika komedi ya madogo watukutu wa sekondari, ina vituko 14. Nimewasomea washkaji, hakuna aliyecheka. Tatizo nini?"

Nilicheka mimi. Sikumdharau, ni hiyo namba tu. Yangu ya kwanza ilikuwa na vituko 16.

Wanaonifuatilia wanaijua ile filamu yangu fupi ya madogo wa Mwananyamala, iliyofanya hata makonda wa daladala waniite kwa jina la mhusika. Mnachokijua ni toleo la pili. La kwanza nililionyesha mwaka 2019 kwenye kibanda umiza kimoja Manzese, Jumapili mchana, kiingilio shilingi 500, kabla ya mpira. Nilivaa shati la kupiga pasi. Nikakaa mbele kabisa ili nigeuke nione watu wanavyovunjika mbavu.

Kituko cha kwanza, vumbi la chaki kwenye kiti cha mwalimu, benchi zima lilicheka. Cha pili, nusu. Kufika cha tano jamaa mmoja akauliza mpira unaanza saa ngapi. Halafu kikaja kile nilichokiamini kuliko vyote: madogo wanamwaga mchanga kwenye sufuria la maharage la mama ntilie. Kimya. Kumbe kuna mama alikuwa amesimama mlangoni, kaja kumtafuta mwanawe. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Na hayo maharage kanunua nani?"

Filamu ikafia pale. Mwenye kibanda aliniambia kwa upole kwamba watu wanataka kuona timu zikipasha.

Nilirudi Sinza kwa miguu, nauli ninayo. Yule mama alikuwa amenifundisha uandishi kuliko semina zote nilizolipia. Nilikuwa nahesabu vituko, yeye akahesabu hasara. Mtazamaji wa Dar anajua gunia la mkaa linauzwaje. Ukimtega mtu anayehangaika na riziki yake, hatacheka hata umlipe. Angalia kazi za mchekeshaji marehemu King Majuto, aliyetutoka Muhimbili Agosti 2018. Mzee bahili, mwenye wivu, anayejiona mjanja kuliko nyumba nzima: huyo ukimtega watu wanafurahi, maana mnazi kaupanda mwenyewe.

Lakini hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili niliipata nilipomkumbuka Pweza, mshikaji wangu wa sekondari.

Mwaka 2003 tulikuwa wanne, kidato cha pili, hatushikiki. Mchezo wetu ulikuwa noti ya 500. Tunaifunga kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, tunaiweka njiani, sisi tuko nyuma ya ukuta wa matofali usioisha. Mtu akiinama, tunavuta. Akiinama tena, tunavuta tena. Siku hiyo akapita mjumbe wa nyumba kumi, mzee wa kikoi na kofia ya vito, mkali kama nini. Hakuinama. Alikanyaga noti kwa kandambili, akatulia, akaiokota, akaanza kuukunja mshipi taratibu kwenye kiganja, mzingo kwa mzingo, kama mvuvi wa Feri asiye na haraka, huku anaufuata. Sisi watatu tuliruka. Pweza alikuwa amejifunga ncha ya mshipi kwenye kidole.

Mzee akatokea juu ya ukuta. "Hela ya nani hii?"

Pweza akasema, "Haina mwenyewe, shikamoo."

"Marahaba. Basi kama haina mwenyewe, kaninunulie kahawa na kashata."

Sasa, ile 500 ilikuwa ya Pweza. Yaani ya mama yake, kamtuma mafuta ya taa. Nilichungulia nikaona uso wake anapopokea pesa yake mwenyewe kwenda kumnunulia mzee kahawa, na jua linazama, na nyumbani kibatari kitupu. Mpaka leo nikiukumbuka siwezi kunywa chai.

Hapo ndipo komedi ilipo, mdogo wangu. Kituko ni cha sekunde mbili. Kicheko kiko kwa mtukutu mwenyewe akishajua atalipa. Mpe kitu cha kupoteza kabla hajafunga mshipi, tumwone akitumwa mafuta. Mengine madogo: usichezeshe majitu ya miaka 28 yenye ndevu yakijiita kidato cha pili. Madogo wasiongee kama taarifa ya habari. Usiwaruhusu kucheka kwenye kamera, maana wakicheka wao mtazamaji anaona kazi yake imeshafanywa. Na kibali cha Bodi ya Filamu kitafute kabla ya kushika kamera. Na nasema tena, mpe mtukutu kitu cha kupoteza.

Nikatupa vituko 13 nikabaki na vitatu. Kile cha noti kikachukua dakika saba peke yake. Mwenzangu niliyeandika naye alisema nimeharibu filamu, akajitoa. Ilipopokelewa vizuri nikasikia kwenye mahojiano ya redio wazo lilikuwa lake. Sawa. Na yule msambazaji wa Kariakoo aliyechukua masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa bei ya magunia mawili ya mchele, nitamwandika siku moyo ukipoa.

Ninyi vijana mnakimbilia sana kuchekesha. Mnatega bibi wa watu barabarani, mnarekodi, mnasubiri watazamaji. Mwogopeni Mungu. Mnamjua huyo bibi katoka wapi na kabeba nini kwenye kile kikapu? Kaeni chini muandike. Sisi tuliosota tunawaambia, hamsikii.

Basi wewe wa Tabata, futa 11, nitumie vitatu nivione.

Pweza naye aliiona filamu, kwa simu ya abiria wake wa bodaboda. Akanipigia usiku: hakutajwa jina, hakulipwa, na ile 500 alichapwa yeye peke yake wakati mchezo ulikuwa wa wanne. Nikaona ana haki. Nikamtumia elfu hamsini hapo hapo.

Akajibu, "Mbona hujaweka ya kutolea?"